Juzuu Chini ya Kabati

Kwa miaka thelathini na minne nilishona na kujalidi vitabu katika maktaba ya chuo cha sheria, na shule yangu yote niliipata humo, ukurasa mmoja mmoja, nikisubiri gundi ikauke. Darasa la saba sikulimaliza. Siku hizi kitabu kikichanika hakishonwi, kinatupwa, na anayekitupa ana shahada mbili. Nayataja haya ili ijulikane nilimfahamu vipi Fundi Lifti, maana habari hii ni yake.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitatu, mfupi, mwenye kucha ambazo sabuni ilishazikatia tamaa. Alikagua lifti ya jengo letu na za majengo mengine sita. Alipanda juu ya chumba cha lifti, akaikumbatisha kamba ya chuma kitambaa cha pamba, akaagiza lifti iteremshwe polepole. Kitambaa kikinasa, kuna uzi uliokatika. Kisha alishuka na kuandika alichokiona, kwa wino, kwenye kadi ya ukaguzi. Vijana waliokuja baada yake wana kifaa kinachojiandikia "sawa" kabla hawajapanda.

Katika mojawapo ya majengo hayo, mlango wa lifti ulimkata vidole viwili mfagiaji mmoja ambaye watu wote walimwita Mama Dekio. Jicho la mlango, lile linalouzuia usifunge mtu akiwapo, lilikuwa limekufa kwa siku kumi na moja. Fundi aliliandika kwenye kadi. Meneja akasema kipuri kiko njiani. Baada ya ajali wakili wa kampuni alimletea Fundi maelezo yaliyokwisha kuandikwa: kwamba mfagiaji aliingiza mkono mlango ukifunga, ili aiokoe ndoo yake. Ilikuwa kweli. Fundi alimwona kwa macho yake. Akatia sahihi. Kuhusu jicho la mlango maelezo hayakusema lolote, naye hakuulizwa. Mama Dekio akaambiwa kwamba amejitakia mwenyewe, akarudi nyumbani na vidole vinane.

Miaka miwili baadaye Fundi alijiandikisha kusoma sheria, masomo ya jioni. Mkewe alidhani ni homa tu, itapita.

Kisha maktaba ikataka nafasi ya kompyuta, na juzuu za kesi nilizozishona kwa mikono hii zikarundikwa uani, achukue anayetaka. Alizitaka Fundi peke yake. Alibeba kumi na moja.

"Umeleta nini tena?" mkewe akamuuliza mlangoni.

"Kesi."

"Kesi si tunazo za kutosha humu ndani? Au za wenzetu ndizo tamu?"

Moja mke aliisukumia chini ya kabati la nguo lililokuwa likiyumba mguu mmoja. "Haya," alisema, "hii sasa imepata kazi."

Somo lililomshinda Fundi lilikuwa kozi ya juu ya Sheria ya Madhara, ile inayouliza mtu akiumizwa kwa uzembe nani abebe mzigo. Alianguka mara mbili, kwa sababu aliandika taratibu na kengele ikamkuta katikati. Akianguka mara ya tatu anaondolewa chuoni, na miaka mitano inapotea. Mwalimu alikuwa daktari kijana wa sheria ambaye wanafunzi walimpa jina la Kishikwambi, kwani hakuwahi kuinua macho kutoka kwenye kishikwambi chake. Kesi zenyewe hazikusomwa. Wote walisoma muhtasari wa kurasa arobaini, uliorithishwa darasa kwa darasa. Kishikwambi mwenyewe alisomea huohuo.

Siku moja Fundi aliingia karakanani kwangu na muhtasari mkononi.

"Mzee, hapa pananasa."

"Wapi?"

"Kesi ya kiwanda cha sabuni. Mtu kapoteza mkono kwenye mashine isiyo na kinga, lakini na yeye kaupeleka mkono. Humu wanasema hapati kitu, kwa vile alichangia. Mbona hukumu waliyoinukuu haina hata sentensi moja juu ya kinga?"

"Kaisome yote. Juzuu ya tisa, mgongo wa kijani."

Akaanza kucheka. "Ya tisa? Ya tisa imebeba kabati la mke wangu!"

Jioni ile waliliinua kabati, mke akishikilia kioo kisianguke. Majaji walikuwa watatu. Wawili walisema mfanyakazi alipwe, ila apunguziwe kwa kadiri ya kosa lake. Wa tatu alisema asipewe chochote. Lakini kwa utaratibu wa vitabu vile, maneno ya jaji mkubwa kwa cheo huchapwa kwanza, hata kama wenzake wamemshinda, na huyu wa tatu ndiye aliyekuwa mkubwa. Mvivu wa zamani alisoma kurasa za mwanzo, akanakili, akafunga kitabu. Vizazi vya mawakili vikameza.

"Si uwajibu wanachokitaka, upite," mkewe akasema, "halafu ukweli uuseme ukishakuwa wakili?"

"Nilishafanya hivyo mara moja."

Mtihani wa mara ya tatu huwa wa mdomo, mbele ya watahini wawili.

"Mdai aliyechangia kuumia kwake anapata nini?" Kishikwambi akauliza.

"Anapunguziwa, Daktari. Hafutiwi."

"Na kesi ya sabuni inasemaje?"

"Inasema hivyohivyo."

Kishikwambi akakitazama kioo chake. "Kaka, soma vizuri. Inasema kinyume."

"Anayesema kinyume ni jaji aliyeshindwa."

"Una ushahidi?"

"Vitabu haviruhusiwi humu, Daktari. Uko nyumbani, umeshikilia kabati."

Mtahini wa pili akacheka mpaka akavua miwani. Wakampa arobaini na mbili. Kupita ni hamsini.

Fundi akakata rufaa, akaileta juzuu mbele ya kamati ikiwa imefungwa katika kitambaa chake cha kazi. Niliitwa nithibitishe kwamba kurasa ni za asili, hazikupachikwa. Niliwaonyesha uzi wangu. Kishikwambi alisoma akiwa amesimama, ukurasa baada ya ukurasa, na alipofika kwa jaji wa pili masikio yalimwiva. "Samahani, kaka," alisema, na nadhani alimaanisha. Alama zikawa hamsini na nne. Hata hivyo mwaka uliofuata niliuona muhtasari kwenye mashine ya kurudufu, na kesi ya sabuni ilikuwa vilevile.

Siku aliyopewa matokeo Fundi alikwenda kwa Mama Dekio na ile juzuu kwapani. Alimkuta akichambua mchele kwa mkono wenye vidole vitatu. Alinisimulia mwenyewe, bila kujipamba.

"Mama, nimekuja kukwambia kwamba ulikuwa na haki yako. Kosa lako lilikuwa dogo. Jicho la mlango lilikuwa bovu, nami nililijua."

"Nililijua na mimi. Nilikuwa naliona halimuliki." Hakuacha kuchambua. "Sasa ndiyo tunakwenda mahakamani?"

"Muda wa kufungua madai umekwisha kitambo, mama. Hakuna atakayetupokea."

"Kwa hiyo umetoka huko kote kuja kunisomea kitabu."

Fundi aliishusha juzuu kutoka kwapani. Mama Dekio aliusukuma ungo kando, akapangusa mikono.

"Ile karatasi uliyowatilia sahihi, unaikumbuka?"

"Neno kwa neno."

"Basi andika nyingine. Na hilo jicho ulitie."

"Mama, haitakuwa na nguvu yoyote."

"Nimesikia. Andika."

Akaandika kwa wino, akaweka siku kumi na moja, akaitaja kadi na meneja na kipuri. Akatia sahihi. Mama Dekio alimwambia asome kwa sauti, akasoma. Akamwambia arudie pale pa jicho, akarudia. Kisha Mama Dekio akaikunja karatasi mara mbili na kumwita mjukuu amletee lile sanduku la vyeti.