Baa ya Pili

Tarehe 14 Machi 2009 fundi huyu alipokea cheti cha daraja la pili cha injini za dizeli, mwanamke pekee kati ya watahiniwa thelathini na mmoja. Leo ana miaka arobaini na saba, na gereji nzima inamwita Bi Pumzi. Mteja akilalamika kwamba gari halina nguvu, swali lake la kwanza ni lile lile: "Linavutaje pumzi?"

Kazi yake ni tabo, kile kinu kidogo kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kisukume hewa ndani ya injini. Huzifungua juu ya meza ya bati, huku miwani imefungwa uzi shingoni.

Jumatano iliyopita shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliingiza lori uani akalizima mlangoni kabisa, watu wakawa wanapita upande upande. Familia haina lori jingine. Injini ikifa, nyumba tatu zinakosa riziki. Shemeji alitaka skrubu ya tabo ikazwe ili isukume hewa zaidi, basi.

"Geji yangu ya msukumo wa hewa inasoma baa moja. Ya Kifaru inasoma mbili," alisema. Kifaru ni dereva mwenzake wa kokoto, mwenye lori la aina ile ile. "Mwaka mzima huu mlimani ananipita kama nimeegesha. Nikazie ifike mbili, shem. Hutaki, nakwenda ng'ambo ya barabara. Yule jamaa hana maswali mengi."

"Hana maswali kwa sababu hana majibu. Kaa hapo kwenye tairi. Injini yako ina ujazo wa sisi ngapi?"

"Sisi elfu nne."

"Kumbe mko wengi. Haya, lita nne. Bila tabo, inavuta hewa hii hii inayotuzunguka, ambayo tayari ina msukumo wa baa moja. Tabo ikiongeza baa nyingine juu yake, hewa inabanwa mara mbili. Silinda hazijakua hata kidogo, lakini zinameza hewa ya injini ya lita nane."

"Na nguvu za farasi?"

"Bila tabo ungekuwa nao tisini. Kwenye karatasi wanakuwa mia na themanini. Barabarani hawafiki, maana hewa ikibanwa inapata moto, na joto linakula farasi. Sema mia na hamsini, na dizeli iongezwe kulingana na hewa."

"Basi baa mbili ni lita kumi na mbili. Ndiyo naitaka."

"Hesabu umeijua. Pistoni zako zimeundwa kubeba kazi ya lita nane. Ukizibebesha kumi na mbili zitatoboka. Hiyo baa ya pili, shem, itakuwa baa kweli."

Shemeji alicheka, lakini ufunguo wa lori ulikuwa bado unazunguka kidoleni.

Fundi hakubahatisha. Mwaka 2013 alikaza tabo ya mteja mpaka geji ikasoma namba aliyotaka, bila kuuliza geji ile inaanza kuhesabu wapi. Pistoni ya tatu iliyeyuka kabla lori halijamaliza wiki. Aliifungua injini ile mwenyewe, akaijenga upya kwa siku ishirini, na mteja hakurudi tena.

Akampigia simu Kifaru, aliyekuwa anajaza mafuta hatua chache kutoka hapo. Kifaru akaja na lori lake, akazima injini.

"Panda, shem," fundi alisema. "Soma geji ya mwenzako."

Shemeji akapanda, akainama, akasoma. "Moja."

"Injini imezimwa. Nani anasukuma?"

"Imeharibika hii."

"Nzima kabisa," Kifaru alisema. "Tangu nimenunua iko hivyo. Mimi nilidhani ndiyo heshima yake."

"Inahesabu na hewa ya nje," fundi alieleza. "Yako inaanza sifuri, inahesabu kile tu kilichoongezwa na tabo. Mbili yake ni moja yako. Mnapumua sawasawa."

"Sawasawa vipi, na ananiacha?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na fundi alikwenda kulitafutia jibu. Alifungua grili ya mbele ya lori la shemeji. Rejeta ya hewa, ile inayopoza hewa iliyotoka kwenye tabo kabla haijaingia kwenye injini, ilikuwa imezibwa na udongo uliokauka, mbegu za majani na mbawa za wadudu. Alichomeka bisibisi, ikazama nusu kidole.

"Presha unayo," alisema. "Ila hewa ya moto imetanuka. Geji inasoma moja ile ile, lakini ndani ya silinda inaingia hewa pungufu. Ulinyang'anywa farasi humu, hukunyang'anywa kwenye skrubu."

"Mwaka mzima?"

"Mara ya mwisho uliiosha lini?"

Shemeji alimwangalia Kifaru. Kifaru aliangalia pembeni kwa adabu.

Rejeta ilioshwa kwa maji ya taratibu kutoka upande wa nyuma, ili mapezi yake laini yasilale. Skrubu ya tabo haikuguswa. Shemeji hakusema amekubali. Alisema tu kwamba mlima utasema.

Jumatatu saa moja asubuhi lori litapakiwa tani saba za kokoto na kupanda mlima nyuma ya lile la Kifaru. Fundi atakaa kiti cha abiria, akisoma joto la hewa inayoingia. La shemeji likiachwa tena, siku ya pili yake litahamia gereji ya ng'ambo.