Sharubu za Korongo wa Mchafukoge

Taifa lisimame wima na kuvua kofia. Saa mbili asubuhi, katika uchochoro mmoja wa Mchafukoge, ndege mwenye taji la dhahabu anatazama maduka ya jumla yakifunguliwa.

Amevaa miwani ya jua. Ana sharubu pia.

Chini yake Winifrida, 52, mchoraji wa mabango ya maduka, amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasugua ukuta kwa tambara.

"Siku tisa nimemchora huyu," anasema. "Tisa! Mjinga mmoja kaja kamharibu kwa dakika tano."

Huyo ni korongo taji, ndege wa majimaji aliye hatarini kutoweka. Winifrida alikua akiwaona kwao Karagwe.

"Walikuwa wanacheza wawili wawili, sisi tunaacha kuchota maji tunawatazama. Sasa kinamasi kimekaushwa, ni shamba la viazi. Vifaranga wanakamatwa wakapambe bustani za watu. Mwaka jana nimekaa wiki mbili, sikuona hata mmoja. Halafu mtu anamchorea sharubu!"

Tangu mabango ya kuchapwa yajae Kariakoo, kazi zake zimeshuka kutoka tano kwa wiki hadi moja. Rangi inayobaki ndiyo inayomchora ndege. Ukuta wenyewe aliuomba miezi minne.

Mwenye ukuta, muuza mabeseni Anaeli, ambaye mtaa mzima unamwita Mangi, anatoka dukani.

"Mama, wateja wanapiga naye picha wanacheka. Ukuta wangu siyo wa vichekesho. Jumamosi napaka nyeupe."

"Mangi, leo Alhamisi!"

"Basi sugua."

Mwandishi wa makala haya, aliye likizo kutoka shule ya bweni, anaghadhibika kwa niaba ya wapenda ndege wote nchini. Anainua kalamu na kutamka: "Ni malezi gani haya, mtu kumdhalilisha kiumbe anayekwisha, tena kwa dawa ya viatu?"

Winifrida anaacha kusugua.

"Mwanangu, nani kakwambia ni dawa ya viatu? Mimi mchoraji nanusa tangu alfajiri, sijui ni kitu gani."

Mangi anazitazama kucha za mwandishi.

Ni mimi. Nilipanda ndoo hiyohiyo na brashi yangu ya shule. Sharubu ni za mwalimu wetu wa nidhamu. Nilidhani inachekesha.

"Shikamoo, mama," nilisema, nikiwa nimechelewa sana.

"Marahaba. Shika tambara."

Anataka ukuta ukisalimika amchoree korongo kifaranga. Miwani imetoka. Sharubu bado, na leo Ijumaa.