Bibi Arusi Hatazami Nyuma

Watu wakiniona kwenye televisheni walidhani mimi ni jasiri. Jasiri wapi. Mimi ni mwoga tangu nikiwa mtoto Kitengela, na kazi yangu yote ya kuimba, jukwaani na kwenye filamu, niliifanya na tumbo linaloendesha. Kabla ya onyesho nilikuwa natafutwa chooni, na wenzangu walishazoea. "Kama hayuko choo," walikuwa wanasema, "basi ameenda kwao."

Huo ulikuwa woga wa kawaida, ule unaisha ukishafungua mdomo. Nataka kusema juu ya ule mwingine.

Mama yangu ni Mmaasai wa pande za Kajiado. Baba alitoka Mkoa wa Kati, akauza mbao na misumari Kitengela, na alifariki nikiwa shule ya msingi. Upande wa baba nilirithi kiwanja. Upande wa mama nilirithi sauti, na hofu yake pia nikaibeba.

Kwao mama, msichana akiolewa anapakwa mafuta, anavikwa shanga, wazee wanambariki, halafu anatoka bomani kwa miguu, polepole, na hatazami nyuma. Akitazama nyuma anageuka jiwe. Vijana wa siku hizi wakisikia hivyo wanacheka. Mama hakuwahi kucheka. Dada yake mkubwa, siku ya kuondoka, alisikia mtoto akilia nyuma yake akageuza shingo, kidogo tu. Baadaye miguu yake ikafa, akarudishwa kwao akiwa amebebwa. Huyo mama mkubwa nilimjua. Alikuwa anakaa juu ya ngozi mlangoni na sisi watoto tunampelekea chai. Daktari alikuwa na jina la ule ugonjwa, na mama alikuwa na lake.

Sasa fikiria mimi, mwishoni mwa miaka ya tisini, napewa nafasi kubwa ya kwanza maishani mwangu katika mchezo wa nyimbo pale Nairobi. Nafasi gani? Bibi arusi wa Kimaasai anayeozwa kwa mtu asiyemtaka. Na dairekta, kijana wa Nairobi aliyesomea mambo ya jukwaa ng'ambo, alikuwa amesoma kuhusu ile desturi akaipenda sana. Aliipenda hata akataka ivunjwe. Bibi arusi anatoka mbele ya jukwaa, watazamaji wakiwa ndio boma la kwao, anatembea kuelekea pazia la nyuma huku ngoma inapigwa. Akifika kwenye pazia ngoma inanyamaza, anageuka, anawatazama watu wote usoni, anaimba wimbo wa mwisho.

Nilimwambia, "Hiyo haifanywi."

"Ndio maana tunaifanya," akasema, na akaniambia niende nikajaribu nguo.

Nilifanya. Nilikuwa naitaka ile kazi vibaya sana. Nairobi taa za jukwaani zinakupofusha, kwa hivyo nikigeuka nilikuwa naona giza tu, na nikajidanganya kwamba giza halina ubaya. Lakini kila jioni, nikikaribia lile pazia, shingo ilikuwa inakakamaa na miguu inakuwa baridi kuanzia kwenye vidole. Mimi, mtu wa kidato cha nne, niliyepata kipaimara, nilikuwa nikirudi nyumbani najifinya mapaja nione kama bado yanasikia. Mama alijua naimba mchezo wa harusi, na kanisani alijisifu mpaka wanawake wenzake wakachoka. Habari ya kugeuka sikumwambia.

Halafu dairekta akatuita na habari njema. Mchezo unapelekwa Kajiado, onyesho moja la mchana kwenye ukumbi wa mji, na watu wa televisheni wanakuja kuuona kwa sababu wanataka kuufanya filamu. Wanataka hasa ule wimbo wa mwisho. Wenzangu wakashangilia. Mimi nikaenda chooni. Aliponipata nje akaniambia waziwazi, "Najua kwenu ni pande hizo. Ukiogopa kugeuka siku hiyo, filamu ataifanya yule dada wa Rongai anayeitikia nyuma ya pazia. Ameshajifunza nyimbo zako zote."

Na alikuwa amejifunza kweli. Nilikuwa nimemsikia akizifanyia mazoezi, na hakuwa mbaya, bahati mbaya yangu.

Nikaenda Kitengela kumwomba mama asije. Nilimkuta anasafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto, moshi umejaa jikoni. Aliniangalia mara moja tu.

"Mbona umekuja na uso ya mbuzi mgonjwa?"

Nikamweleza yote. Sikumaliza hata vizuri, maneno yalikuwa yanapandana. Yeye akaendelea kusugua kibuyu, akasugua mahali pamoja mpaka nikaogopa kitapasuka.

"Na huko Nairobi ulikuwa unageukia nani?"

"Hakuna mtu, yieyo," nikasema, kwa lile neno la kwao la kumwita mama. "Ni giza."

"Giza si boma," akasema. "Lakini Kajiado mimi niko."

"Ndio nimekuja. Usikuje, tafadhali. Ukikosa kuwa hapo, itakuwa tu watu."

Akaweka kibuyu chini. Mama hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akikasirika alikuwa anapunguza, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. "Mtoto yangu ataolewa Kajiado, kwetu, mbele ya watu wetu, na mimi nikae Kitengela naosha vibuyu? Watu waulize, huyu hana mama?"

"Si harusi ya kweli, yieyo."

"Wewe ndio unatetemeka," akasema. "Mtu anatetemeka namna hiyo kwa kitu ya uongo?"

Nikamuuliza basi nifanye nini, niwache filamu iende? Akasema kazi ni yangu na shingo ni yangu. Nikaondoka nimemkasirikia, na nimejikasirikia, na ile hasira haikupunguza woga hata kidogo.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali. Ukumbi wa Kajiado ulikuwa na madirisha makubwa pande zote mbili, na mapazia hayakuwepo. Taa za dairekta hazikuwa na maana yoyote mle. Nilichungulia kutoka pembeni nikaona kila uso, hata meno. Watu wa televisheni walikuwa wamekaa nyuma kabisa na miwani yao. Mbele, safu mbili nzima, walikuwa wanawake wa rika la mama, vichwa vimenyolewa, shanga shingoni, shuka nyekundu na za buluu. Mama alikuwa katikati, amevaa shanga za sherehe. Hakunitafuta kwa macho. Alikuwa amekunja mikono juu ya magoti kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari.

Niliimba sehemu ya kwanza vizuri, nadhani. Siikumbuki. Nakumbuka tu kwamba kila wimbo uliokwisha ulinisogeza karibu na ule wa mwisho. Mzee wa kuigiza akanibariki. Ngoma ikaanza. Nikawapa mgongo wote, mama na boma lote, nikaanza kutembea.

Safari ile ya jukwaani ilikuwa fupi, na ilinichosha kuliko njia yoyote niliyowahi kutembea. Nikawa nasema moyoni, sitageuka. Nitaimba nikitazama pazia, na yule wa Rongai achukue filamu, na aende nayo salama. Halafu nasema, nitageuka, kwa sababu sitapata tena bahati kama hii maishani. Nikafika kwenye pazia bila kuamua. Ngoma ikanyamaza.

Ndipo nikasikia viti vinakwaruza sakafu nyuma yangu. Viti vingi, kwa pamoja. Wanatoka, nikasema. Wamejua, wanatoka, na mama anatoka nao. Miguu ikawa mizito kweli, si kuigiza, nikajua jiwe limeanzia pale chini. Sijui nani aligeuza shingo yangu. Labda hofu yenyewe. Niligeuka.

Nikaona migongo. Wanawake wote wa safu zile mbili walikuwa wamesimama, wamegeuza viti, wakakaa tena wakinipa visogo. Hakukuwa na uso wa mama pale. Hakukuwa na uso wa mtu yeyote wa kwetu. Kulikuwa na vichwa vilivyonyolewa na shanga zinazotetemeka shingoni, na boma lote halikuwa na macho ya kukutana na yangu.

Nilielewa hapo hapo, na nilianza kulia kabla ya kuanza kuimba. Sauti ilitoka imepasuka. Nilipofika mahali pa kiitikio, pale ambapo wenzangu nyuma ya pazia ndio huitikia, wale wanawake wakaitikia wao, kwa sauti ya chini kifuani, bila kugeuka. Wenzangu wakanyamaza wakawaachia.

Watu wa televisheni, kwa vile walikaa nyuma, walikuwa wanatazamana na nyuso za wale wanawake. Baadaye walimuuliza dairekta aliwafundisha lini. Naye, bila aibu, akasema ni jambo alilofikiria muda mrefu. Filamu nikapewa mimi.

Mama nilimkuta nje kwenye kivuli cha ukuta. "Ulikuwa unalia ama ulikuwa unacheka?" akaniuliza. "Nimesikia tu. Sikuona."

"Nilikuwa naogopa, yieyo."

"Hata mimi," akasema.

Filamu ilionyeshwa miaka ya elfu mbili ilipoanza, Jumapili moja baada ya kanisa, na mimi nikaenda kuitazama kwake Kitengela. Nilikuwa nimeogopa tangu asubuhi, kwa sababu kwenye filamu hakuna mgongo wa mtu yeyote. Kamera inakuja mpaka kwenye kope zangu, nikigeuka namgeukia kila aliye na televisheni. Sikumwambia. Aliitazama mikono ikiwa juu ya magoti. Ngoma ilipoanza kwa ule wimbo wa mwisho, akainuka, akashika kiti chake, akakigeuza.

Nilidhani ameelekea ukutani. Kumbe alikigeuza kunielekea mimi niliyekaa kwenye kochi. Nyuma yake mimi wa filamu nikafika kwenye pazia, ngoma ikanyamaza. Mama alikuwa ananitazama usoni, karibu kabisa, na sikujua niweke macho wapi.

"Sijawahi kukuona ukiiimba hii," akasema. "Imba."

Jukwaa lolote nililopanda halijanitia woga kama lile kochi. Sauti ilikataa mstari wa kwanza, wa pili ikakubali. Niliimba mpaka mwisho, na mama hakuondoa macho.