Jumapili kumi na moja za kumsomea mama kitabu

Ni saa moja na nusu asubuhi, na Praxeda Kasanda ameinama mbele ya lundo la machungwa mjini Muheza. Mkono wa kushoto unachukua mawili, wa kulia matatu, na yote matano yanatupwa upande wa pili kwa mpigo mmoja. Midomo yake inacheza bila kutoa sauti. Kila mia ikitimia anatenga chungwa moja karibu na mguu wake, kisha anaendelea.

Lori linalosubiri linakwenda Nairobi na tajiri wake ana haraka. Sele Mwinyijuma, msimamizi wa upakiaji, anapita nyuma yake na kumtupia neno.

"Dada Praxeda, leo unahesabu au unaandika?"

"Leo nahesabu," anajibu bila kuinua kichwa.

Utani huo una asili yake. Mwaka juzi sentensi ilimjia akiwa amefika elfu tatu na kitu. Akasimama kuifikiria, na aliporudi kwenye machungwa hakujua ameishia wapi. Lundo zima likahesabiwa upya huku dereva akifoka. Tangu hapo amejiwekea sheria kwamba akiwa kazini hadithi inabaki nyumbani.

Praxeda ana miaka 42, watoto wawili, na riwaya yenye kurasa 214 ambayo hadi gazeti hili linakwenda mitamboni haijachapishwa. Mchapishaji yupo tayari na mkataba umeshaandikwa. Kinachokosekana ni saini yake mwenyewe, na hataiweka mpaka apate ruhusa ya nyumbani.

"Watu wanadhani waandishi wote tunakwamishwa na wachapishaji," anasema wakati wa chai, akimenya chungwa lililopasuka. "Mimi wangu alishasema ndiyo. Nimekwama kwa mama."

Alizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge lililo upande wa Maramba, akiwa mtoto wa tatu. Baba yake, Rafaeli Kasanda, alikuwa Mnyamwezi wa Urambo aliyekuja mwaka 1976 kukata mkonge. Kwao aliacha mke na mtoto mchanga, na aliwaaga kwamba anatafuta fedha za mabati na atarudi. Hakurudi. Alikutana na Yudith, binti wa Kishambaa aliyeshuka milimani na kaka zake kutafuta kazi, wakaanza maisha.

Hilo halikuwa siri. Kambini kila nyumba ilikuwa na watu wake walioachwa mbali, na watoto walikua wakijua hivyo.

Praxeda alimaliza darasa la saba mwaka 1998 na shule ikaishia hapo. Lakini kuandika alikwisha kuanza zamani. Tangu ana miaka kumi wakataji mkonge wasiojua kusoma walikuwa wakimwita jioni awaandikie barua za kwao.

"Mtu mzima anakaa mbele yako, machozi yanamlenga, halafu anakwambia andika mimi ni mzima wa afya," anakumbuka. "Ndipo nilipojifunza kazi hii. Kambi nzima niliiandikia. Baba peke yake hakuwahi kuniandikisha hata barua moja."

Hicho ndicho kinyongo alichokibeba. Rafaeli alipofariki mwaka 2012, bintiye alinunua kaunta buku la kwanza na kuanza kuandika habari za mwanamume aliyetelekeza mke na mtoto na asigeuke nyuma. Yalifika makaunta buku manne. Aliandikia jikoni, kabla watoto hawajarudi shule. Riwaya akaiita *Asiyeandika*.

Kuipigisha chapa kulimtoa jasho. Msimu wa machungwa ukiwa mzuri hupata Sh12,000 kwa siku, na ukiisha hufua nguo za watu. Steshenari walimtoza Sh500 kwa ukurasa, basi akawa anapeleka kurasa kumi kumi kila anapojaliwa. Mpigaji chapa, Sabra, alianza kumsumbua njiani.

"Nilikuwa naona anachelewa makusudi," anasema Sabra kwa kicheko. "Mwisho nikamwambia lete zote, fedha utanipa baadaye, mimi nataka kujua yule mwanamke alifanywaje."

Mchapishaji wa kwanza hakujibu. Wa pili alimshauri aongeze mapenzi. Wa tatu, wa Dar es Salaam, alikaa nayo miezi kumi na minne, halafu Februari mwaka huu akapiga simu Praxeda akiwa juu ya lundo. Alipoambiwa imekubaliwa, aliketi palepale juu ya mali ya watu. Mumewe, Zabron, ambaye ni fundi baiskeli, alipopewa habari aliuliza swali moja tu.

"Yaani watu watoe hela yao wasome habari za baba mkwe?"

Furaha ile haikumaliza wiki mbili. Maneno yalifika Maramba kupitia akina mama wa parokiani, na Yudith, miaka 69, akapanda gari peke yake hadi Muheza. Alikataa chai. Alikataa hata kiti.

"Yaliyopita ndani ya nyumba yangu hayauzwi dukani," alisema, na kwa mujibu wa Praxeda alilisema hilo akiwa bado mlangoni.

Walibishana, kisha wakapatana. Kwa kuwa mama hajui kusoma, binti atakwenda kila Jumapili baada ya misa amsomee kitabu chote. Kikiisha, mama atatoa neno lake. Likiwa hapana, kitabu kinaingia sandukuni na hakitoki. Praxeda alikula kiapo, na mchapishaji akakubali kungoja.

Ikawa hivyo Jumapili kumi na moja. Praxeda alisoma, Yudith akipukuchua mahindi kwenye ungo. Hakusifu wala hakulaumu. Alisahihisha tu.

"Baba yako hakuwa na baiskeli mwaka ule. Aliazima."

"Mvua ile haikuwa ya vuli."

Binti alifurahi. Aliona kwamba mtu anayesahihisha hawezi kuwa na nia ya kukataa. Akafuta baiskeli, akabadilisha mvua, na kila akirudi Muheza alimwambia mumewe kwamba mama ameanza kulainika.

Jumapili ya mwisho alisoma sura ya mwisho. Humo binti anasimama kaburini na kumuuliza baba kwa nini hakuwahi kuwaandikia waliomngoja. Alipofunga, Yudith alikuwa ameacha mahindi.

"Hilo nalo si kweli," alisema. "Aliandika."

Gazeti hili lilipomfuata Maramba, Yudith hakuficha. Alisimulia huku akitazama uani, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya sabuni.

Rafaeli aliandikisha barua mbili kwenda Urambo, na zote zilijibiwa. Majibu yaliletwa kambini na Katekista Luka, ambaye sasa ni marehemu. Mara zote mbili Rafaeli alikuwa shambani, na Yudith alimwomba katekista amsomee kwanza kabla hajampa mwenyewe.

"Ya kwanza ilisema mtoto ameanza shule na anamuulizia baba. Ya pili, mwaka uliofuata, ilisema njoo hata bila mabati, nyumba tutaezeka nyasi." Akaendelea. "Mimi nilikuwa na watoto watatu na wa nne tumboni. Mtu akisomewa maneno kama yale atakaa? Nilizitia motoni, moja baada ya nyingine."

"Na Mzee Rafaeli?"

"Alingoja. Halafu akaacha kungoja. Akawa anasema kwetu wamenisahau. Miaka ishirini na saba analisema neno hilo, mimi nipo naepua ugali."

Hakulia. Mwandishi wa habari hii alitarajia alie, na ilikuwa aibu kugundua kwamba alikuwa akilingojea chozi.

Praxeda ndiye aliyelia Jumapili ile alipoambiwa hayo, tena kwa hasira. Aliondoka bila kuaga na hakukanyaga Maramba kwa wiki mbili.

"Nilimchukia mama. Nasema ukweli," anasema. "Halafu nikajichukia mwenyewe. Baba nimemtukana kurasa mia mbili na kumi na nne, na hayupo wa kujitetea."

Aliporudi alikwenda kuchukua jibu lake, liwe ndiyo au hapana. Yudith alimwambia hana lolote kati ya hayo.

"Mimi siwezi kukupa ruhusa. Nitakupaje ruhusa ya kitu nilichoiba? Nenda kwa wenyewe. Wakikubali, andika upya, na jina langu uliache kama lilivyo."

Katibu wa parokia ya Urambo ndiye aliyetafuta namba ya simu. Ilichukua mwezi. Praxeda alipiga Jumamosi moja mchana, akiwa amejifungia chumbani. Alipokea Anastazia, yule mtoto mchanga wa mwaka 1976, ambaye sasa ana wajukuu. Praxeda alijitambulisha, akaeleza habari za kitabu, akaeleza na za barua.

Kisha Anastazia akauliza, "Na humo kitabuni, mama yangu anaitwaje?"

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema Praxeda. "Nimemwandika kitabu kizima na sikumpa jina. Kila mahali nimeandika *yule mwanamke wa Urambo*. Miaka yote sikuwahi kuuliza."

Aliambiwa kwamba anaitwa Kalunde, yupo, na sasa hivi anapewa simu.

"Nikasema shikamoo mama. Akasema marahaba, akaniuliza wewe ni wa ngapi kuzaliwa. Nikamwambia wa tatu. Akasema, haya, sawa."

Kalunde hakukataa kitabu wala hakukikubali. Alitoa sharti. Yaliyomo kwenye barua zile anayajua, kwa kuwa yalikuwa maneno yake. Hataki kusomewa na mtoto. Anataka aliyezichoma aje mwenyewe, akae mbele yake, amweleze alisikia nini siku aliposomewa. Baada ya hapo atatoa jibu.

Mchapishaji ameongeza muda hadi mwisho wa Oktoba na hataongeza tena. Praxeda amepanga safari ya Urambo katikati ya Septemba, machungwa yakipungua. Ameshaanza kuiandika upya sura ya kwanza, na mstari wake wa pili una jina Kalunde. Hadi wiki iliyopita hakujua kama atasafiri na mtu au peke yake, kwa sababu alipopeleka sharti lile Maramba, mama yake alilisikiliza bila kusema kama atakwenda.

Jumapili iliyopita tulimkuta Yudith uani, ungo mapajani. Praxeda alikuwa akitwanga na hakumuuliza kitu. Punje zilijaa ungo, akazimwaga kwenye debe, akaanza hindi lingine. Ndipo alipozungumza, bila kumtazama mtu.

"Huyo Kalunde amenizidi umri?"

"Amekuzidi, mama," alijibu Praxeda. "Kwa miaka mitano."

Yudith aligeuza hindi mkononi, akalitazama pande zote.

"Basi shikamoo nitaanza mimi."