Kibao cha Dobi na Chupa ya Chai

Yalitokea mwaka ule mvua zilipochelewa. Hapana, tusidanganyane: mwaka wa mvua kuchelewa ndio mke wa dobi aling'oka jino akitafuna mfupa. Haya yalikuwa mwaka uliofuata, pale duka la mashine za kufulia lilipofunguliwa ng'ambo ya barabara, na dobi wetu akabaki kuitazama misumari ya ukutani kwake isiyo na nguo.

Watu walimwita Kivuli. Hakuwahi kuanika nguo ya mtu juani. Alizitundika nyuma ya nyumba, kwenye upenyo wa upepo kati ya kuta mbili, kwa kuwa jua, alisema, ni mwizi wa rangi. Nguo ya leo uliichukua kesho. Sasa watu walikuwa wameonja haraka ya mashine, nayo iliwakolea. Kazi ikifa, yeye na mkewe ingebidi wakaishi kwa shemeji, mtu mwema, ila huongea tangu alfajiri mpaka ndani ya usingizi. Kivuli alikuwa radhi ale sabuni.

Ndipo akaja kijana wa matangazo, shati limenyooka, maneno yamenyooka zaidi.

"Mzee wangu, nitakuandikia maneno, watu watapanga foleni mpaka kona ile."

"Foleni!" Kivuli akasogeza kiti karibu.

"Kwani kazi yako si inajionyesha? Ona nguo hizo zinavyong'aa!" Kijana akanyoosha kidole kwenye lundo la pembeni.

Mke wa Kivuli, aliyekuwa akipiga pasi, akakohoa. Lundo lile lilikuwa la mafundi magari, halijaonja maji.

"Baba watoto," akanong'ona, "huyu hajauliza hata kama tunafua kwa maji au kwa mate."

"Mjuzi haulizi."

"Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Hebu mwambie akuonyeshe kazi aliyomfanyia mwingine."

Kivuli akauliza, kwa haya. Kijana akacheka, akasema kazi zake ni siri za wateja. Tangazo, tena siri! Mke akakohoa mpaka kijana akamwonea huruma, akamshauri anywe maji ya moto. Kisha kijana akataka alipwe pesa zote kabla hajaandika neno, na Kivuli akalipa. Kilemba cha ukoka kilikuwa kimeshamkaa kichwani, tena kimempendeza.

Jumatatu kibao kikapigiliwa juu ya mlango: NGUO ZAKO TAYARI KABLA CHAI YAKO HAIJAPOA.

Wa kwanza kuingia alikuwa mkunga mstaafu, mteja wa siku nyingi, na gauni lake la shughuli. Akaliweka mezani, akaketi, akakunja mikono.

"Haya, chai iko wapi?"

"Chai gani, dada?"

"Kibao si chako? Mwenzio nimekuja na kiu."

Kivuli akatoka nje, akayasoma yale maneno kwa mara ya kwanza bila sauti tamu ya kijana masikioni. Akikishusha, amekiri uongo mbele ya mtaa mzima, na wale wa mashine walikuwa wamesimama mlangoni kwao, mikono kiunoni, meno nje. Akikiacha, ataamka mwongo kila asubuhi.

"Umeuziwa mbuzi kwenye gunia," mkewe akamwambia, "na gunia umelipigilia mlangoni."

Kivuli akaingia jikoni, akakaa huko kidogo, akatoka na ile chupa yao kubwa ya chai, imejaa, kifuniko kimekazwa. Akamkabidhi mkunga.

"Nenda nayo nyumbani, dada. Gauni njoo kesho. Ukikuta chai imepoa, sikutozi kitu."

Mkunga akaiangalia chupa, akamwangalia Kivuli, akacheka mpaka akashika ubavu. "Mzee, una vituko wewe!"

Kesho yake akamimina kikombe mbele ya watu. Mvuke ulikuwa mwembamba kama uzi, lakini ulipanda. Habari zikazagaa. Hata asiyekuwa na nguo chafu aliichafua moja ili naye apewe chupa. Kivuli akanunua nyingine, na nyingine tena. Kijana akapita akijipiga kifua, "Si nilikwambia?"

Basi mambo yakawa mazuri, mpaka mawingu yalipoanza kujikusanya. Mvua zikishika, nguo ya kivulini haikauki mpaka siku ya tatu. Kivuli akaenda kwa muuza vyombo, akazigonga chupa zote kwa kidole, akauliza. Muuza vyombo akajifanya anafuta sufuria. Akamuuliza shemeji, na shemeji, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akakosa la kusema. Mkunga alicheka tu. Kijana wa matangazo, alipomwona kwa mbali, alivuka barabara.

"Jamani," Kivuli akamwita, "nauliza tu: ipo chupa ya kuvumilia siku tatu?"