Pombe Niliyokunywa Muhumba

Zamani za Zaïre, tulipokuwa tunaitana citoyen, yaani raia, hata tukigombana, kazi yangu pale Bukavu ilikuwa ukomisioneri. Mwenye nyumba ya kuuza alinipa ufunguo, nami nikamtafutia mnunuzi; wakisikilizana, napata changu. Watu walituona walaji wa bure, mpaka siku walipotuhitaji.

Mwaka ule nilikuwa nimesimamisha kuta za udongo katika mtaa wa Panzi, bado bati. Mke wangu alikuwa akizitazama kama mtu anayetazama mgonjwa: mvua ikitangulia, zitakwenda na maji. Tumaini letu lote lilikuwa nyumba moja ya mtaa wa Muhumba, ya mama mjane aliyetaka kuwafuata watoto wake Kinshasa. Nilimfagilia ua, nikafyeka majani, nikaandika kwa chokaa kwenye lango kwamba nyumba inauzwa na mimi napatikana wapi.

Nilimpeleka rafiki yangu kuiona. Nasema rafiki kwa kukosa neno lingine linaloweza kuandikwa hapa. Alikuwa parrain, baba wa ubatizo, wa mtoto wangu wa kwanza, mfanyabiashara wa maharagwe ya Minova, tumbo mbele, abacost, ile suti ya wakati wa Mobutu isiyo na tai, imenyooshwa pasi. Nilimfungulia kila chumba. Nilimwonyesha hata ufa nyuma ya jiko, ambao mtu mwingine angejitafutia mwenyewe.

"Iko muzuri," akasema, "lakini bei iko juu. Niache nifikiri kwanza."

"Fikiri, mon cher. Sitaonesha mutu mwingine mbele ya weye kunijibu."

Na kweli sikumwonyesha mtu. Muuguzi mmoja alinisihi sana, nikawa namzungusha tu: njoo kesho, njoo Jumatatu. Heshima nyingine ni ujinga mtupu.

Jumapili moja baada ya misa niliteremka Muhumba kuangalia ua. Nyuma ya nyumba nikakuta watu wameketi kuzunguka mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi: mama mwenyewe, majirani, mzee wa mtaa, na parrain. Nikadhani mama anaagwa. Parrain akainuka, akanijazia kibuyu kwa mkono wake.

"Unapita tu hivi? Kuya, ikala, kunywa kwanza!"

Nikanywa. Ilikuwa tamu, na nilikuwa na kiu.

Ndipo mzee wa mtaa akasimama. "Wote mulikunywa, wote muliona. Kuanzia leo hii nyumba iko ya huyu," akasema, akimshika parrain begani.

Kwetu Bushi, anayekunywa pombe ya mauzo amekuwa shahidi, na shahidi hadai kitu. Mwenye madai huyasema kabla kibuyu hakijamfika mdomoni. Parrain alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alinijazia mpaka juu.

"Na mimi?" nikauliza.

Mama akashangaa. "Mutoto yangu, si alisema mulisha kusikilizana? Ule ufa wa jiko, si ni weye ulimuonesha? Njo vile nilipunguza bei."

Parrain akacheka, akipiga mfuko wake wa pesa. "Nyumba ni yake, makuta ni yangu. Weye unauzisha nini? Na tena, si ulikunywa?"

Mikono iliniwasha. Tangu siku ile wengi wameniambia kwamba alikuwa na haki: muuzaji na mnunuzi wakikutana, wa katikati awapishe. Upuuzi. Nyumba ile aliijua kwa miguu yangu. Ufa nilimwonyesha kwa sababu ndiye aliyemshika mtoto wangu siku ya ubatizo, naye akautumia kushushia bei. Hilo liliniuma kuliko komisioni, na linaniuma mpaka leo.

Mvua ikaja. Kuta za Panzi zikalala chini moja baada ya nyingine, na mke wangu akaacha kabisa kuzungumza habari za kujenga.

Baadaye shemeji wa yule mama akatokea Bunyakiri. Akasema nyumba ya marehemu kaka yake imeuzwa kwa ujanja, kwa hiyo irudi kwa ukoo na mama arudishe makuta. Parrain akaja Kadutu, tulikokuwa tumepanga, sauti chini.

"Ndugu, majirani wanaogopa kushuhudia, hata muzee wa mtaa. Njo weye shahidi yangu."

Nilitaka kumfukuza. Nilikwisha kuinuka. Lakini mauzo yakivunjika, mama angedaiwa makuta aliyokwisha kuyatumia Kinshasa, naye alidanganywa kama mimi. Nikavaa viatu, nikamfuata.

Mbele ya wazee nikasema nilichokiona: mama aliuza kwa hiari yake, na tulikunywa. Shemeji akanikazia macho.

"Na hawa wawili, nani aliwakutanisha?"

Ningejitaja, ujanja wote ungekuwa wazi, na shemeji angeshinda papo hapo. Parrain alikuwa ameinama, jasho linamtoka.

"Walikutana bo benyewe," nikajibu.