Kukifuata Kisutu Mpaka Mahurunga

Nilisafiri kwa sababu ya mdomo wangu. Tulipokuwa tunaandaa maonyesho ya mavazi ya zamani chuoni, nilimbishia mwalimu wetu mbele ya watu: nikasema zipo kanga zilizopigwa chapa kwa mkono hapa hapa pwani, kabla ya zile za kiwandani. "Ilete moja tuione," akasema. Likizo ilipoanza nikapanda basi la kusini, nikavuka Rufiji kwa kivuko, nikateremka Mtwara nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope, na furaha isiyoelezeka.

Asubuhi nilikuwa Mikindani, kwa Bi Somoe, shangazi wa rafiki yangu. Alinifungulia sanduku lake: kaniki, kofia za darizi, shela iliyoliwa na nondo. Nikawa napiga chafya na kucheka kwa pamoja. Lakini kisutu cha bibi yake, ile kanga ya harusi ya chapa ya mkono niliyoifuata, hakikuwemo.

"Kimekwenda harusini Chikongola," akasema. "Mabinti wa ukoo wetu wote huolewa nacho."

"Miaka yote hiyo mnaazimana tu? Hakipotei?"

"Kipotee wapi, mwanangu, na mwenye zamu yuko nyuma anakitolea macho?"

Chikongola nilimkuta bibi harusi fungate imekwisha, anakaanga maandazi. "Umechelewa, dada," akasema. "Kimekwenda Mahurunga, kwa wifi yangu."

Nikakimbilia lori lililokuwa linafuata korosho. Dereva akaniuliza nakwenda wapi na haraka zile. Nikamwambia nakwenda kutafuta kanga kuukuu.

"Mbona dukani zimejaa, tena mpya!"

"Ndiyo maana sizitaki."

Akanitazama kama aliyepakia mgonjwa.

Alasiri, Mahurunga. Ngoma tuliisikia kabla hatujaziona nyumba. Familia ya wifi yule ilikuwa imevuka Ruvuma kuikimbia vita ya Msumbiji, ikaoleana na ukoo wa Bi Somoe. Bibi harusi amekaa mkekani, na mabegani mwake kisutu: chekundu, cheusi, cheupe. Badala ya kusalimia nikapiga magoti kukagua pindo. Pembeni kabisa ua moja lilikuwa limepanda juu ya jingine, pale mkono wa mpiga chapa ulipoteleza.

"Limepanda!" nikapiga kelele. "Tazameni, limepanda!"

Ngoma ikanyamaza. Bi Atija, bibi yake bibi harusi, akauliza huyu kichaa ni wa nani. Nikajieleza, nikaomba nikiazime kwa maonyesho.

"Hiki hakitundikwi ukutani," akasema. "Kinakwenda kwa anayeolewa. Una mchumba?"

"Yupo kijana ananitaka. Bado namhoji."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza."

"Masikini wa Mungu! Mtihani gani huo usio na majibu?"

Wanawake wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Lakini sikukubali kushindwa. "Hata nikiolewa, mimi si wa ukoo wenu."

"Ukishaolewa nacho, umekuwa."

"Sharti hilo nani aliliweka?"

"Mimi."

"Lini?"

"Sasa hivi, nilipoona unavyokikodolea macho."

Ningeweza kudanganya. Badala yake nikamfikiria Idrisa, kijana mwenyewe, anavyoyavumilia maswali yangu bila kununa. Nikatafuta hoja moja ya kumkataa. Nikaikosa.

"Naolewa," nikasema, na kichwa kikawa chepesi kama usufi. Vigelegele vikapasuka, nikavutwa uwanjani, nikacheza vibaya mno, wakanishangilia hivyo hivyo.

Fungate ya bibi harusi ilipokwisha, nikakabidhiwa kisutu: kitazamwe kwanza, kisha kivaliwe. Mikindani nilipopita kuaga, Bi Somoe alikuwa na habari zote, na amekwisha chagua doti atakayovaa. Kusini nzima walijua naolewa. Aliyekuwa hajui ni Idrisa.

Siku ya maonyesho mwalimu aliinamia lile pindo, akainuka, akanipa mkono. Mimi nilikuwa nimedhani nguo kuukuu huokolewa kwa kufungiwa. Shela ya sandukuni ililiwa na nondo. Kisutu kilichozunguka harusini kilipona, kwa sababu kila aliyekivaa alijua yupo anayekingoja.

Idrisa naye akaja, akauliza kitarudi lini kusini.

"Baada ya harusi yetu," nikamwambia.

Akauliza harusi ipi, na nani amekubali, na amekubali lini, na kwa nini yeye hakuambiwa. Kijana yule ana maswali, jamani!